Bwana wa redio aliyesema hakusikia

Haya jamani, mwezi mzima sijaandika kitu humu, msimu ulichanganya, wageni juu ya wageni, na mnajua kazi yangu, natembeza watalii Wajerumani. Kijerumani nilijifunza ukubwani, kinanitosha kuelezea milango ya Mji Mkongwe na bei ya vanila pale Darajani, kuzidi hapo naanza kutoka jasho. Na kila kundi halikosi mmoja wa kunambia ati Zanzibar zamani ilikuwa ya kwao, wakabadilishana na Waingereza wakapewa Helgoland. Nishachoka nalo hilo. Zanzibar haikuwahi kuwa ya Mjerumani hata siku moja, mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 wao walikubali tu kuwa Muingereza awe mlinzi huku, wakamuachia na Witu ya pwani ya Kenya, nao wakapewa hilo jiwe lao la baharini. Basi mie hucheka, nasema "ja, ja", tunaendelea na safari.

Safari hii lakini nilipata bibi mmoja, mwalimu mstaafu katokea Stuttgart, ana miaka sabini na kitu, hana habari na viungo wala kobe wa Changuu. Anataka Kilimani. Nikamuuliza bibi, Kilimani kuna nini, akanijibu: majumba.

Kwa wadogo zangu msiojua, zile fleti za Kilimani tunazopita kila siku na daladala bila kuzitazama zilijengwa na Wajerumani Mashariki. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Zanzibar ilikuwa ya kwanza Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, wakafungua ubalozi hapa hapa mjini, na Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi, ikawaka moto maana wao walikuwa na kanuni yao wakiiita ya Hallstein, kwamba nchi yoyote itakayoitambua Mashariki basi Magharibi inavunja nayo uhusiano. Aprili ukaja Muungano, Bonn wakamkalia kooni Nyerere, mwisho ule ubalozi ukaondoka na Wajerumani Mashariki wakapewa ubalozi mdogo Dar es Salaam, na bado Magharibi hawakuridhika, mwaka 1965 wakaondoa msaada wao wa kijeshi, Nyerere akawaambia basi chukueni na uliobaki. Huku Unguja zege lilikuwa lishaanza kumwagwa.

Basi tukafika. Chini ya ngazi ya jengo moja hukaa mzee wangu mmoja, jina simtaji maana hajanipa ruhusa, mie namwita babu tu. Ana benchi lake, kikombe chake cha kahawa na redio ya mbao, Philips, kubwa kama sanduku la mchele. Ukiigeuza nyuma kuna jina la baba yake limekwaruzwa kwa msumari na mwaka, 1961. Babu anapenda kuihadithia, baba yake aliinunua kwa pesa za karafuu wakati bado wanakaa shamba, ikila betri zito kama tofali, na jioni kijiji kizima kinahamia uani kwao kusikiliza. Siku hizi fundi keshaitia matumbo mengine kabisa lakini mbao ni zile zile.

Nikamuamkia, nikamjulisha mgeni. Babu akasimama, akasema "Guten Tag" safi kabisa, bibi wa watu akabaki mdomo wazi. Kumbe ujana wake alibeba zege hapo hapo anapokaa, na mafundi wa Kijerumani wakamuachia maneno yake matatu manne, "schnell" na "Feierabend" ndiyo anayoyapenda zaidi, la kwanza la kukimbizwa na la pili la kwenda nyumbani. Akamuuliza bibi, Mashariki au Magharibi? Bibi akasema Stuttgart, Magharibi. Babu macho yakamng'ara, akasema "Aaa! Kiesinger!" halafu akaupiga mkono hewani, "Pwaa!"

Bibi aligeuka mwekundu, halafu akacheka mpaka akavua miwani afute machozi.

Mie pale kati ndiye mkalimani na sielewi kitu. Jina la Kiesinger nilikuwa nalipita tu kwenye orodha ya makansela, wakuu wa serikali ya Ujerumani, kama unavyopita kituo usichoshuka. Ikabidi nielezwe kibaraza baraza, babu upande huu na habari alizozipata zamani kwenye Radio Berlin International, ile redio ya Mashariki iliyokuwa ikitangaza kwa Kiswahili, na bibi upande huu na ya kwao, maana 1968 alikuwa msichana wa skuli na baba yake mzazi akimuona Kiesinger ndiye mtu mstaarabu kupita wote Ujerumani. Walikosana mezani siku ya kile kibao alichozabwa Kiesinger, akatolewa chumbani na chakula hakumaliza. Usiku nikarudi nyumbani nikaanza kusoma, umeme ukakatika kwa kuwa nilisahau kutia Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, nikaendelea kwa simu mpaka asilimia tatu.

Kurt Georg Kiesinger kazaliwa tarehe 6 Aprili 1904, mji mdogo unaitwa Ebingen, kusini. Kijana wa mashairi kwanza, halafu sheria, akaenda kuwa wakili Berlin na kuwafundisha wanafunzi wa sheria kwa malipo binafsi. Mwaka 1933, Hitler ndiyo kwanza kapewa ukansela, naye akajiunga na chama cha Wanazi. Watetezi wake husema hakuwa mkereketwa, na kweli hakuna anayesema alimuua mtu kwa mkono wake. Kadi ya chama lakini aliishika mpaka 1945, miaka 12, si jambo la kusema lilimpitia kichwani siku moja likatoka.

Ilipofika 1940, ili asipelekwe jeshini, akapata kazi Wizara ya Mambo ya Nje. Idara gani? Redio. Idara ya siasa za redio, kazi yake propaganda ya kwenda nchi za nje kwa lugha za watu, na Kiarabu kimo, kulikuwa na mtangazaji wa Kiiraki, Yunus Bahri, akifungua kwa "Huna Berlin" na sauti yake ilikuwa maarufu katika nchi za Waarabu. Sisemi Kiesinger ndiye aliyekuwa akimuandikia, sisemi hivyo. Nasema ndiyo nyumba aliyokuwa akila mshahara wake, na hakubaki karani wa mlangoni, alipanda mpaka akawa naibu mkuu wa idara na mtu wa kuunganisha wizara yake na wizara ya Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler.

Sasa hapa ndipo usingizi uliponiruka. Ujerumani ya wakati ule, tangu Septemba 1939 vita vilipoanza, raia wa kawaida kusikiliza redio ya nje lilikuwa kosa la jela, na ukizieneza habari zake unaweza ukauawa. Watu walikuwa wakijifunika blanketi kichwani na redio ndani wapate kusikia London inasema nini. Lakini idara kama ile ya Kiesinger haikufunikwa blanketi, yaliyotangazwa na maadui yalikuwa yakisikilizwa, yakiandikwa na kuwekwa mezani, maana utajibuje propaganda ya mwenzio kama hujui kasema nini? Tarehe 17 Disemba 1942 serikali za Washirika, waliokuwa wakipigana na Hitler, zilitoa tamko la pamoja kuwa Wajerumani wanawamaliza Mayahudi wa Ulaya, likasomwa bungeni London, likatangazwa redioni dunia nzima. Miaka mingi baadaye, 1968, yeye keshakuwa kansela, aliitwa mahakamani Bonn kutoa ushahidi katika kesi ya aliyekuwa mtumishi wa wizara ile ile, akasema taarifa za mauaji wakati ule aliziona ni propaganda ya adui.

Yaani mtu kazi yake redio. Analipwa asikie. Wenzake wanafungwa kwa kusikia na yeye anapewa ofisi, halafu anakwambia nilisikia lakini nilidhani ni uongo. Nilikaa na hilo mpaka adhana ya alfajiri. Na ukifikiri vizuri linaingia akilini kwa namna mbaya kabisa, maana anayeshinda kutwa katika nyumba ya kupika uongo mwisho hudhani kila jiko duniani linapika uongo. Sijui kama huo ni utetezi au ni mashtaka mengine juu ya yale ya mwanzo.

Vita vilipokwisha Wamarekani walimtia kambini Ludwigsburg, miezi 18 hivi. Kisha yakaja yale mabaraza ya kuwasafisha watu na unazi, msifikirie baraza la kahawa, haya ni ya kukupanga daraja la makosa yako. Yeye kwanza akawekwa fungu la wafuata mkumbo, bendera fuata upepo, halafu 1948 akafutiwa hata hilo akaambiwa yu safi. Mwaka uliofuata, 1949, yuko bungeni Bonn kwa tiketi ya chama cha CDU. Haraka hivyo.

Na alikuwa hodari, tusimnyime chake. Wenzake walimpa jina la Mfalme Ulimi wa Fedha kwa anavyozungumza. Mwaka 1958 akawa waziri kiongozi wa jimbo la Baden-Württemberg, ndiyo kwao yule bibi, na bibi mwenyewe alikiri kuwa chuo kikuu cha Konstanz ni kazi ya huyo huyo. Mtu alijenga vyuo. Aliyemrithi jimboni ni Hans Filbinger, na huyo naye 1978 ikafumuka kuwa alikuwa hakimu wa jeshi la majini wakati wa vita na aliomba hukumu ya kifo kwa baharia kijana, Walter Gröger, aliyeuawa Machi 1945, wiki chache vita viishe, akalazimika kujiuzulu. Jimbo moja, viongozi wawili mfululizo. Nilipomuuliza bibi akanyanyua mabega tu.

Mwaka 1966 serikali ya kansela Erhard ikaanguka na CDU wakamteua Kiesinger awe kansela. Kelele zilipigwa, muandishi Günter Grass alimuandikia barua ya wazi asikubali, mwanafalsafa Karl Jaspers naye hakuficha hasira zake. Kilichomuokoa ni karatasi. Iliibuka hati ya Novemba 1944, wenzake wawili wa ofisini walimshitaki kwa watu wa SS, kikosi cha Wanazi, kuwa analegeza propaganda dhidi ya Mayahudi, na jarida la Der Spiegel likaichapisha. Basi jalada la usaliti kwa Hitler likageuka cheti cha tabia njema. Tarehe 1 Disemba akaapishwa, na naibu wake na waziri wake wa mambo ya nje ni nani? Willy Brandt, aliyemkimbia Hitler akaenda kuishi Norway. Watu wawili hawa wameketi meza moja ya serikali karibu miaka mitatu, mmoja alikuwa akiandika dhidi ya Wanazi uhamishoni na mwengine yuko ndani ya nyumba yao ya redio, na wakawa wanapeana mikono asubuhi. Hapo mie huwa nasema siasa ina tumbo kubwa kuliko papa.

Sasa mambo yetu ya Kilimani. Kiesinger ni kansela wa kwanza wa Magharibi kukubali kuijibu barua ya waziri mkuu wa Mashariki, Willi Stoph, 1967, na wakati wake ile kanuni ya Hallstein ilianza kulegea, wakafungua uhusiano na Romania na wakaurudisha na Yugoslavia ingawa hizo zilikuwa zishaitambua Mashariki. Lakini kuitaja kuwa ni nchi, ng'o. Ulimi wa fedha wote ule, bungeni akatafuta neno akasema kule kuna "kitu" tu kimetokea, ati fenomeni. Nilipomtafsiria babu alipiga paja. "Kwa hiyo hizi fleti zimejengwa na jini?" Maana wakati kansela anatafuta neno yeye babu yuko juu ya jukwaa anakimbizwa "schnell, schnell" na fenomeni yenye masharubu na kofia ya jua.

Na kwa kuwa ni fenomeni, nayo ilikuwa na ulimi. Mashariki waliichimba kadi ya Kiesinger na za wenzake wote, 1965 walichapisha kitabu kizima cha majina zaidi ya 1,800 ya waliokuwa vigogo chini ya Hitler na sasa wana vyeo Magharibi. Mengi yalikuwa kweli. Wa kwao wenyewe, waliokuwa na kadi ile ile na wakapata kazi Berlin Mashariki, hawakuwachapisha. Babu anasema redioni walikuwa wakitajiwa Magharibi tu kila siku mpaka akadhani Wanazi wote walihamia upande mmoja kama kunguru.

Tufike kwenye kibao. Beate Klarsfeld, kazaliwa Berlin 1939, baba yake alikuwa askari wa kawaida wa jeshi la Hitler, akaolewa Paris na Serge, ambaye baba yake aliuliwa katika kambi ya Wanazi ya Auschwitz. Alikuwa na kazi katika ofisi ya vijana wa Ufaransa na Ujerumani, akaandika makala za kumpinga Kiesinger, 1967 akafukuzwa. Aprili 1968 alimpigia kelele bungeni kutoka jukwaa la wageni, ajiuzulu, wakamtoa. Tarehe 7 Novemba 1968 CDU wana mkutano mkuu Berlin Magharibi. Akaingia na kitambulisho cha uandishi, akapita nyuma ya meza kuu kama mtu anayefuata kiti chake, akamfikia kansela, akamzaba. Huku anapiga kelele Nazi, Nazi, Nazi. Siku hiyo hiyo akahukumiwa mwaka mmoja jela, baadaye ukapunguzwa ikawa miezi minne ya kifungo cha nje. Muandishi Heinrich Böll alimpelekea mawaridi mekundu, Grass yule yule wa barua ya wazi akasema kitendo kile hakifai.

Mie hapa, ntasema kweli, mikono inanitetemeka. Nimelelewa kuwa mtu wa miaka 64 hupigwi na mtoto wa miaka 29 mbele za watu, hata awe na nini. Nikimuwaza babu yangu kapigwa kibao mkutanoni nahisi moto usoni. Lakini barua zilishaandikwa, makala zilishaandikwa, mtu keshafukuzwa kazi kwa kuandika, na kansela hasikii, na kazi yake ya zamani ilikuwa kusikia. Bibi wa Stuttgart yeye hakuwa na wasiwasi wowote, alisema kile kibao ndiyo mara ya kwanza kwao nyumbani vita kuzungumzwa mezani. Kabla ya hapo baba yake akisema tu "tulikuwa Urusi, kulikuwa na baridi".

Mwisho wake ulikuwa wa haraka. Uchaguzi wa tarehe 28 Septemba 1969 CDU na ndugu zao wa Bavaria walipata asilimia 46.1, chama kikubwa kuliko vyote, usiku ule Nixon, rais wa Marekani, akapiga simu kumpongeza Kiesinger kwa ushindi. Hongera ikamchachia mdomoni, Brandt na wale waliberali walikuwa washazungumza, na Oktoba Brandt ndiye kansela. Kiesinger alibaki bungeni mpaka 1980, akafa Tübingen tarehe 9 Machi 1988. Kumbukumbu za maisha aliziandika, zikatoka baada ya kufa kwake, na zinaishia mwaka 1958. Ukansela haumo. Kibao hakimo.

Juzi bibi keshaondoka nikapita tena Kilimani na kashata zangu, nikamsimulia babu yote haya kuanzia Ebingen. Alisikiliza vizuri, redio kaipunguza sauti, akawa ananikatiza na maswali ya maana kama hakimu. Tulipofika pale pa ushahidi wa Bonn akacheka, akasema, "Mtu wa redio! Angesema mie ni mkulima ningemuamini."

Na mie ulimi ukaniponyoka. Nikamwambia babu, na weye Januari ile ya 64, Okello wa Mapinduzi alipokuwa akizungumza redioni, kule shamba kwenu mlikuwa mkisikia nini? Na wale majirani waliokuwa na duka?

Akanyoosha mkono akazungusha kitufe cha redio, ingawa stesheni ilikuwa ishakaa sawa. Ikakoroma, ikakaa tena pale pale. Muuza kahawa akapita anagonganisha vikombe, babu akamuita, akataka kimoja chake na kimoja changu, akanywa chake taratibu mpaka kwenye mashapo.

"Sie wakati ule hatukuwa na redio, mjukuu wangu."

Nikalipa kahawa.